Feni Iliponyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Nimeitwa mwenye mashine ya kusaga!

Mama mkwe alifika juzi kwa ajili ya goti lake. Daktari anataka akalinyooshe hospitalini kila wiki mpaka lipone, kwa hiyo yuko kwetu, chumba kinachopakana na ofisi yangu. Zamani vyote viwili vilikuwa chumba kimoja kikubwa. Mimi ndiye niliyekigawa kwa ukuta wa mbao nyembamba, kwa mikono yangu hii, na ukuta ungali umesimama ingawa mke wangu alisema hautamaliza mwezi.

Basi asubuhi, katikati ya chai, mama mkwe akauliza kwa upole kama siku hizi tunasagia watu unga. Mke wangu akacheka hadi akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka. Ni kompyuta yangu! Prosesa inafanya kazi, inapata moto, feni inaipuliza. Feni yenyewe imezeeka, kwa hiyo inapuliza huku ikilalamika.

Hukumu ikatoka hapohapo. Mke wangu amesema ikifika Jumapili kelele hazijaisha, kompyuta inahamia kwenye korido, mlangoni pa bafu, na ofisi inakuwa stoo ya mizigo ya mama. Ofisi yangu! Mahali pekee katika nyumba hii penye kiti changu, ufunguo wangu na kitasa kinachonitii. Kadi za harusi za mtaa mzima zimetoka humu. Nikitengenezea kadi mlangoni pa bafu, nani ataniheshimu?

Na shajara je? Mimi siwezi kuandika bila kutamka. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alitufundisha kutamka kila neno tunaloandika, na mkono wangu ukazoea. Mdomo ukifungwa, mkono unagoma. Mke wangu alinifukuza chumbani kwa sababu hiyohiyo. Humu ofisini feni inavuma, nami natamka kwa raha zangu, hakuna anayesikia.

Mpango: kununua kipoozeo kipya cha prosesa. Kimya. Rahisi kufunga. Na bila kumshirikisha shemeji! Huyu ni mdogo wa mke wangu, fundi wa simu na kompyuta. Kompyuta yake ni kimya hadi uiguse ndipo ujue kama ni nzima, na yeye anakulazimisha uiguse. Amepiga simu jioni hii kusema yuko tayari kunisaidia. Nikamwambia asante, nina mtu wangu. Mtu wangu ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vipuri. Muuzaji ana maswali mengi kuliko bidhaa. Prosesa yangu ni ya aina gani? Nikasema ya kawaida. Nataka kinachopoza kwa hewa au kwa maji? Maji! Ndani ya umeme! Nikamwambia bomba la jikoni tu limenishinda. Kasha la kompyuta lina nafasi kiasi gani ndani? Nikasema ya kutosha.

Halafu akasema jambo la maana. Eti feni kubwa inayozunguka taratibu ina kelele kidogo kuliko feni ndogo inayokimbia. Akanionyesha kipoozeo cha wastani, unakibana kwa mkono huku na huku, kazi imekwisha. Mimi nikapiga hesabu zangu kimoyomoyo. Kama kikubwa ni kimya, kikubwa zaidi si kitakuwa kimya zaidi? Nikaomba kikubwa kuliko vyote. Akashusha mnara kutoka rafu ya juu, kwa mikono miwili. Mabati matupu na feni mbili, kama mikate miwili iliyosimamishwa. Akarudia lile swali la nafasi. Nikamtazama tu, jinsi mtu mzima anavyotazama akiulizwa jambo mara mbili.

Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu, makusudi, nipite mbele ya duka la shemeji. Alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama boksi, akanitazama mimi, akasema hongera. Hongera gani ile? Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Karibu wote.

Boksi limeandikwa rahisi kufunga. Rahisi kwa nani? Kwa pweza! Mkono wa kwanza ushike mnara, wa pili skrubu, wa tatu bisibisi, wa nne uzuie kile kipande cha chuma cha nyuma kisidondoke, na wa tano ukune pua, maana pua inasubiri mikono ijae ndipo iwashe. Karatasi ya maelekezo haina hata neno moja. Ni michoro tu ya mtu asiye na macho, anatabasamu. Nimepaka na pesti, ule uji wa kijivu unaokaa kati ya prosesa na kipoozeo. Mchoro unaonyesha kitone kidogo kama punje. Mimi si mchoyo. Nimepaka kama ninayempakia mgeni siagi.

Feni ya zamani ilipotoka, ilitoka na blanketi la vumbi. Nimepiga chafya hadi mama mkwe akaniombea afya kutoka chumbani kwake.

Nikawasha. Kimya! Nikadhani nimeiua. Nikatega sikio. Kuna pumzi tu, kama ya mtoto aliyelala. Jamani! Machozi yalinilengalenga, na sioni haya kuyaandika. Nikamwita mke wangu. Akasikiliza, akakubali kwamba ni kimya kweli, kisha akauliza mbona mfuniko wa ubavuni uko sakafuni.

Mfuniko haufungi. Mnara umetokeza nje upana wa vidole viwili. Nimeusukuma kwa kiganja, kwa goti, kwa makalio. Wapi! Mke wangu amesema kitu kilichoacha matumbo nje hakikai kwenye nyumba yenye paka.

Kesho nakwenda kubadilisha, nichukue kile cha wastani. Nitasema mnara una kasoro.

Siri: biskuti zangu nimezificha ndani ya boksi la karatasi za kadi, chini kabisa. Mama mkwe ana goti bovu lakini meno yake ni mazima.

Alhamisi, 6 Machi

Muuzaji amenibadilishia bila maneno mengi. Amefuta uji kwa kitambaa, akafuta tena, akaleta kitambaa kingine. Sikupenda alivyokuwa akitabasamu.

Lakini kipoozeo cha wastani! Kimekaa, nikabana huku, nikabana kule, basi. Chai yangu ilikuwa haijapoa. Mfuniko umefunga kwa kidole kimoja, na ukimya ni uleule. Nimejipongeza sana kwa uchaguzi wangu.

Mama mkwe ameshukuru mbele ya watu wote. Amesema tangu jana anasikia vizuri. Nadhani alitaka kusema analala vizuri.

Biskuti hazipo! Boksi liko palepale, karatasi zimepangwa vizuri kuliko nilivyoziacha. Mama mkwe alikuwa na makombo kifuani, ametulia tuli. Amejuaje? Nyumba nzima ina mahali pa kutafuta, yeye akaenda moja kwa moja kwenye karatasi za kadi!

Haya. Kesho shemeji anakuja tuhamishe kabati kubwa liingie kwa mama. Namjua, atataka mimi nishike upande mzito. Nimeshajipanga. Ikifika saa nne mgongo wangu utaanza kuuma. Upande wa kushoto. Nitashika ukuta na kuguna.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechoka mwili na akili.

Kabla ya saa nne, sijaguna bado, mama mkwe kaingia na chupa ya dawa ya kuchua. Akaniambia nilale kifudifudi anichue upande wa kushoto mapema, mgongo uwahi kupona kabla ya kabati. Akanichua hadi nikaona nyota! Mama huyu ana viganja! Shemeji akatoa maoni kwamba mtu aliyechuliwa hivyo anafaa kabisa upande mzito. Nimeshika upande mzito.

Upande wa kushoto! Jambo hilo sikumwambia kiumbe. Niliandika hapa tu. Basi mambo yamejulikana: kuna mtu anasoma shajara yangu. Na ni nani mwingine? Mke wangu! Anasoma, kisha anampelekea mama yake habari zikiwa za moto.

Nimepata dawa yao. Nikimaliza tu kuandika, naitumbukiza shajara ndani ya kasha la kompyuta, kati ya kipoozeo na mfuniko. Nafasi ipo, safari hii nimepima. Nani atawaza hivyo? Narudia kwa sauti nisije nikasahau mwenyewe: ndani ya kasha, kati ya kipoozeo na mfuniko.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Aibu na raha, sijui nianze na ipi.

Asubuhi nikawasha kompyuta. Kimya kupita jana. Hata ile pumzi haipo. Nikavimba kichwa. Nikafungua kadi za binti wa fundi cherehani, za kuchukuliwa leo jioni. Nimefika kwenye jina la bwana harusi, kompyuta ikazima. Nikawasha, ikazima. Nikagusa mfuniko, nikauachia upesi. Moto!

Mke wangu kaingia na futi. Akaanza kupima ukuta kwa ajili ya mizigo. Nikamkumbusha kwamba leo ni Jumamosi na hukumu ni ya Jumapili. Akajibu kwamba kompyuta iliyokufa haina kelele, hilo anakubali, ila haina haja ya ofisi vilevile. Nilikaa kwenye kiti changu nikakishika pande zote mbili. Nilikuwa naagana nacho.

Nimwite shemeji? Niliapa bora kadi zote niziandike kwa kalamu. Kumbe mama mkwe alikuwa ameshampigia. Kaja mbio, bisibisi mkononi, furaha usoni. Hata hajagusa skrubu, mama mkwe akamwelekeza kutoka mlangoni: atazame kati ya kipoozeo na mfuniko, kuna daftari la shemeji yake.

Likatoka daftari. Lina joto kama mkate. Ule utepe wake wa kuwekea alama umejisokota kwenye feni, feni imekabwa, haijazunguka tangu nilipoliingiza. Shemeji alicheka hadi akakaa sakafuni.

Nikamgeukia mke wangu: kumbe unasoma! Akaapa hajawahi kulifungua. Aliyenijibu ni mama mkwe. Akasema hakuna aliyesoma chochote, na yeye miwani yake ilivunjika kabla hajaja. Yeye anasikia tu. Tangu feni iliponyamaza, kila nikiandika anapata neno kwa neno, hadi nukta, kwa kuwa nukta nazo nazitamka. Akaanza kutaja. Pweza. Siagi ya mgeni. Goti bovu na meno mazima. Alipofika kwenye meno nilitamani kuingia mwenyewe ndani ya kasha.

Nikangoja kusemwa. Wapi! Mama mkwe alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akasema goti linamnyima raha, redio ya chumbani haishiki vizuri, na siku hizi jioni ikifika anajilaza mapema kungoja nianze. Hajacheka hivi tangu aanze kuumwa. Kisha akamwamuru binti yake arudishe futi alikoitoa. Mizigo itakaa chini ya kitanda. Baba, ndivyo anavyoniita mimi, akihamishiwa korido, aliuliza, yeye huku atasikia nini?

Ofisi yangu! Imebaki yangu! Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Nikambusu mama mkwe mkono wenye harufu ya dawa ya kuchua. Shemeji akachomoa utepe, feni ikaanza kupumua tena, na kadi zimetoka kabla fundi cherehani hajabisha hodi. Shemeji amesema kipoozeo nilichochagua ni kizuri. Nimemwomba arudie, mke wangu alikuwa hajasikia.

Jumapili, 9 Machi

Siku tulivu. Hukumu imefutwa, kiti kiko mahali pake, nami nimekaa juu yake.

Wiki hii imenifundisha mengi. La kwanza, mimi najua kuchagua kipoozeo. La pili, shajara ni siri ya mtu, na siri hailindwi kwa kufichwa ndani ya feni. Inalindwa kwa akili. Kwa hiyo kuanzia leo sitamki tena. Nanong'ona.

Ndiyo, hivi sasa nanong'ona. Mbona ni rahisi! Mkono unakwenda vizuri tu.

Sasa mipango. Nitaurudia ule mnara mkubwa, na safari hii nitanunua na kasha kubwa la kuutosha, ili kompyuta yangu iwe kimya kuliko ya shemeji. Nitamwalika aje aiguse. Mke wangu ataambiwa ni agizo la mteja. Na mama mkwe, nampenda, Mungu ampe umri, lakini pakiti mpya ya biskuti hataiona kamwe. Nimeificha kwenye

Ukuta umegongwa. Mama mkwe anasema niongeze sauti kidogo, baba, hapo penye biskuti hajashika vizuri.

Nimerudia, polepole, aelewe: kwenye mfuko wa ndani wa koti la harusi.