Kamera ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kamera zimefika kutoka Arusha. Mbili. Moja juu ya jiko, moja chumba cha nyuma. Fundi kauliza huko nyuma kuna nini cha kuibwa. Nimemwambia afunge tu.

Keshokutwa ni Jumatano ya Majivu. Kila Kwaresima, Nikodemu wa ng'ambo ya barabara huuza perege wa Ziwa Eyasi na kujaza meza, huku nyama choma yangu ikikauka. Halafu ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mwaka wa sita huu. Mimi hubeba viti.

Ijumaa, siku ya kutokula nyama, ndiyo huniokoa. Chumba cha nyuma hujaa hadi watu wanakula wamesimama. Wanasema wanapenda upepo. Hakina dirisha.

Sasa basi. Vumilia, mchoma nyama wangu, ulimi umemteleza: Kwaresima iliyopita, kila Ijumaa, mtu mwenye kofia pana aliingia kwa mlango wa uani akala mbavu. Kofia hiyo naijua. Nikimnasa, uenyekiti ni wangu. Vumilia kasema, bosi, wateja wa nyuma hawapendi kuangaliwa. Katoka Singida mwaka juzi tu, teknolojia ataijulia wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Kanaswa! Nikodemu mzima mzima. Saa saba na dakika kumi: kofia, mbavu, pilipili, kulamba vidole. Nilikaa naye meza moja kumchangamsha asiondoke upesi. Nimetuma kipande cha video kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Nikaandika: Tuombeane.

Watu arobaini na wawili wameiona. Hakuna aliyejibu. Labda wanasali.

Jumamosi, 8 Machi

Wilson, dereva wa watalii, kaja kwa miguu. Yumo kwenye video, nyuma ya kofia, akitafuna paja. Saa ile alikuwa amemwambia bosi wake yuko geti la hifadhi, Lodoare, anashughulikia vibali vya wageni. Video imemfikia bosi. Wilson kasimamishwa kazi. Hakunitukana. Aliomba maji, akanywa, akaondoka. Ana watoto watatu. Afadhali angenitukana.

Mchana kaja Nikodemu na binti yake Lightness, mwanasheria. Anaongea taratibu, ndiyo maana niliogopa. Kauliza kama nimejisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nikasema nina leseni ya biashara. Kauliza tangazo la kuwajulisha watu wanarekodiwa liko wapi. Nikasema wangeliona wasingekuja. Hilo akaliandika. Kisha akanieleza kwamba picha za ulinzi hazitumiki kumwaibisha mtu, na aliyerekodiwa ana haki ya kuomba picha zake. Baba yake anaomba zake zote, si kipande, awaonyeshe jumuiya.

Nimetazama rekodi nzima. Aliyekaa mbele ya Nikodemu, mfupa mkononi, mafuta kidevuni, ni mimi. Nilikuwa namchangamsha.

Ijumaa, 14 Machi

Chumba cha nyuma kitupu. Vumilia kachoma mbuzi mzima, tumebaki tunatazamana na huyo mbuzi.

Ng'ambo, Nikodemu katundika pazia zito mlango wa nyuma. Harufu inayotoka huko si ya perege. Wateja wangu wote wameingia humo, kiongozi wa kwaya akiwa mbele.

Vumilia kasema Nikodemu amemwita kazini. Nikamuuliza kama ataenda. Kasema Ijumaa ijayo ikiwa hivi tena, ataenda, maana mama yake anamtegemea. Na bila Vumilia mimi sina biashara, nina moto tu. Nimelia kidogo. Moshi nao ulikuwepo.

Jumapili, 16 Machi

Nimeomba msamaha mbele ya jumuiya. Video nimeifuta. Nimempigia bosi wa Wilson, nikakiri kosa ni langu. Wilson karudishwa kwa onyo. Nikodemu hadai tena rekodi, kasema sote tuna meno. Kamera ya nyuma nimeing'oa. Lightness kaanza kunisaidia kujisajili, na tangazo la kamera ya jikoni kaliandika yeye. Kaniachia jambo moja la kukumbuka: watu wajulishwe, na faragha yao iheshimiwe. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Alhamisi, 20 Machi

Kesho Ijumaa. Vumilia kakubali kunijaribu mara moja zaidi, nami sitamwangusha. Nimebuni kitu ambacho hata Lightness hakukifikiria.

Daftari la ridhaa. Kubwa, jalada gumu. Kila anayekwenda chumba cha nyuma atajaza jina kamili, jumuiya yake, aina ya nyama, saa ya kuingia na sahihi. Nimelifunga kwa kamba kwenye mlango wa mbele, upande wa barabarani, kila mpita njia aone kwamba hapa hatufichi kitu.

Vumilia kalisoma, kisha akakaa chini. Furaha, nadhani.

Nikodemu nimeshamjazia mwenyewe, asisumbuke kupanga foleni. Namba moja, mbavu.