Chaji Kumi na Mbili za Mwalimu Nolasco

Jumatatu, 9 Machi 2026
Mkuu wa shule, Mama Beata, katangaza: Ijumaa atachagua mwalimu mmoja apeleke somo kwenye maonyesho ya sayansi Bukoba. Ni mimi, Nolasco wa Kemia. Rwezaura wa Fizikia atake asitake.

Somo langu ni mashine inayopima molekuli kubwa. Haisomi uzito wenyewe, inasoma uzito uliogawanywa kwa idadi ya chaji zake za umeme. Chaji zikiwa nyingi, hata jitu linaenea kwenye kipimo. Mashine hatuna. Nina mkungu wa ndizi kutoka kijiji cha Chonyonyo, machela, na mizani ya kuning'iniza niliyoazima buchani, mwisho kilo ishirini. Mkungu ndio molekuli, wabebaji ndio chaji. Mbebaji mmoja ananyanyua kupitia mizani. Nasoma, nazidisha kwa idadi yao. Nani kama mimi?

Jumatano, 11 Machi
Jaribio barabarani Bugene, wanafunzi wanne. Mkungu wa kilo arobaini na nane umetoa thelathini na mbili! Nikailaani mizani. Kumbe wapita njia wawili wametia bega, nami nazidisha kwa nne. Huku mtu hapiti mzigo akautazama tu. Nilipowafukuza, mama mmoja akauliza nimelelewa wapi.

Rwezaura kacheka, eti usipojua chaji hujui uzito. Kisha kashauri wabebaji watatu wanatosha. Ushauri wa mpinzani huo. Naweka kumi na wawili.

Ijumaa, 13 Machi
Geti la shule limefungwa wapita njia wasiingie, wabebaji kumi na wawili. Mshale: kilo nne. Mara kumi na mbili, arobaini na nane. Makofi.

Rwezaura akaomba nigeuke, akate chana ya ndizi au asikate, nami niseme kwa mizani tu. Nikageuka, nikarudi, nikasoma: nne. Nikatangaza kwa kifua mbele kwamba hajakata kitu. Akainua chana ya kilo tatu.

Akamweleza Mama Beata kwamba kila mbebaji kapunguziwa robo kilo tu, na mshale ule hauoni robo. Chaji zikizidi, tofauti zinabanana, inatakiwa mashine yenye uwezo mkali zaidi wa kutenganisha. Kachaguliwa yeye. Imeniuma, siwezi kudanganya. Chai ya ofisini sikuinywa.

Jumamosi, 14 Machi
Nimetafakari, kosa naliona. Wabebaji walikuwa wachache! Nimemwendea Mama Auleria, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri. Kanikubalia watu arobaini, mradi waruhusiwe kuimba. Mama Beata atatazama tena, apende asipende. Na Rwezaura akate hata nusu ya mkungu, mshale wangu hautatikisika.