Mkasa Mmoja, Kopi Bure

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka na wino. Nimechoka na watu wanaotaka kopi safi ya kitambulisho kilichofuliwa pamoja na suruali. Ila leo mhariri wa vitabu alipita kibandani kwangu kutoa kopi, nikamdokeza kwamba nakusanya mikasa ya kweli ya watu waliokutana na mizuka. Uongo mtupu, sina hata mmoja. Akasema nimpelekee Jumatatu ijayo. Ikimpendeza, atachapa kitabu. Kwaheri mashine! Nimebandika tangazo mlangoni: ukinipa mkasa wa kweli, kopi bure.

Jumanne, 5 Machi

Foleni imefika hadi kwa kinyozi, jirani yangu. Shida ya mikasa ya kweli ni kwamba haina mwisho. Fundi umeme aliona mtu asiye na miguu juu ya dari. Akafanya nini? Akashuka. Yule mtu je? Hajui, kazi alimwachia mwenzake. Mwanafunzi mmoja ametoa kopi ya kitabu kizima cha kemia kwa mkasa wa paka aliyemtazama. Nikamwambia paka hutazama. Akasema huyu alitazama sana. Karatasi zimeniishia.

Kinyozi naye, ambaye hajawahi kuona lolote, anawasimulia wateja jinsi kiti chake kinavyozunguka chenyewe. Watu wanasikiliza mpaka wanaondoka wamenyolewa upande mmoja. Inaniuma.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemgeukia shangazi, aliyenilea na ambaye mpaka leo nakula na kulala kwake. Nilijua ana jambo lake. Jana alikataa, akasema hilo si la kuuzwa. Nikamganda. Nikasugua masufuria yote, hata yaliyokuwa safi. Leo mchana, akichambua mchele, amenipa.

Siku chache baada ya mazishi, aliingia jikoni akamkuta marehemu mumewe amesimama kwenye sinki na fulana yake ya kazi, anakaza bomba lililokuwa likivuja. Akamaliza, akajifuta mikono kwenye fulana, akamtazama, akatabasamu kidogo. Basi. Bomba halijavuja tena. Shangazi akasema kila akifungua maji anamwona vilevile, na ndiyo maana hajaona upweke sana.

Nikangoja. Nikauliza kama hakuwa na kwato. Akaniambia nimwachie mchele wake. Kabla sijatoka akaniapisha nisibadilishe neno. Nikaapa. Lakini jamani, nani atanunua kitabu cha bomba?

Ijumaa, 8 Machi

Nimebadilisha maneno machache. Marehemu sasa ana makucha na macho mekundu, na bomba linatoka damu. Nimempa na kicheko kizito. Fundi umeme pia nimempa kicheko hichohicho. Paka pia. Mgongo unauma, lakini sanaa ina gharama zake.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeusoma mkasa wa shangazi pale kwa kinyozi, ili nimzibe mdomo yeye na kiti chake. Povu lilimkaukia mteja mmoja mashavuni. Nikanogewa, nikakwaruza kioo kwa kitana ili wayasikie makucha. Kinyozi mwenyewe akarudi nyuma hatua.

Nilipogeuka nipokee sifa, nikamwona shangazi mlangoni. Alikuwa amekuja kuniita nikale. Akageuka, akaondoka. Chakula nilikikuta mezani kimefunikwa, yeye kajifungia chumbani.

Jumatatu, 11 Machi

Mhariri amesoma yote mbele yangu, huku akipiga miayo. Akauliza kwa nini mizuka yangu yote inacheka kicheko kimoja, mpaka paka. Akasema mikasa yenyewe haina harufu ya aliyeiona. Akarudi kwenye ule wa shangazi, akataka kujua mama huyo aliona nini hasa. Nikamweleza habari ya bomba, kwa aibu. Akavua miwani. Kisha akasema kitabu kianze na huo. Niuandike kwa maneno ya shangazi mwenyewe, na shangazi aridhie. Bomba! Wasomi hawa sijui wanakula nini.

Jumanne, 12 Machi

Nimempigia shangazi magoti anisimulie upya. Akasema hawezi. Si kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. Akasema tangu Jumamosi, akifungua maji, mumewe anamjia na makucha. Anajitahidi kuitafuta fulana, anajitahidi kulitafuta lile tabasamu, havipati. Sasa maji ya kupikia anayachota bafuni. Kisha akalia polepole, akiwa bado ameshika kisu cha vitunguu. Nikalia na mimi. Haki ya nani, niliumia kuliko siku ya mazishi yenyewe. Nikamwomba radhi. Akanipapasa kichwa, akaniambia nile, chakula kinapoa.

Nikiwa katikati ya sahani, likanijia. Mjane ambaye mzuka umemnyang'anya mumewe mara ya pili! Tena ni kweli tupu, shahidi ni mimi. Nimesukuma sahani pembeni na kuandika hapohapo. Shangazi sijamwambia, nitamfurahisha kitabu kikitoka. Na safari hii sijabadilisha hata neno lake moja. Nimeongeza radi tu, na kule bafuni nimeweka mkono unaotoka bombani.