Mashine Iliyokataa Kuharibika

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Nimefungua droo kutafuta kiberiti, nikakutana na karatasi ya waranti ya nyongeza ya mashine ya kufulia. Inakwisha Jumamosi hii, saa sita mchana. Miaka mitatu mizima na mashine haijaharibika hata mara moja. Hata kukohoa haijakohoa.

Siku tuliyoinunua, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alisema waranti za kuongezea ni kulipia woga. Mbele ya muuzaji! Nikamwambia tutaona. Mke wangu akakata shauri palepale: karatasi ikiisha bila kutumika, vitu vya nyumba hii atachagua kaka yake, mimi nitabaki mbebaji. Jumapili tunanunua friji. Leo nimemgusia jambo hilo kwa utani, nikidhani amesahau. Hajasahau.

Jumanne, 4 Machi
Nimewaza mpaka chai ikapoa. Mbona haiharibiki? Mwishowe nimempata mwenye kosa: mimi. Karatasi inakataza kuizidishia mashine mzigo. Basi kwa kuilinda waranti nilipiga marufuku mablanketi, taulo, jinzi na kila kitu kinene. Mke wangu amevifua kwa mkono miaka yote hiyo. Mashine yenyewe imekuwa ikifua soksi na vitambaa vya meza, inadekezwa kama bibi harusi.

Sasa basi! Marufuku nimeiondoa. Si hujuma, naipa tu nafasi. Mablanketi manne kwa mkupuo mmoja. Ikazunguka, ikakamua, ikalia kengele yake. Mablanketi yakatoka yananukia! Mke wangu amefurahi sana. Kisha akauliza kwa nini basi alikuwa anainamia beseni. Nimesema ni mambo ya kisheria. Sijui kama bado amefurahi.

Jumatano, 5 Machi
Zulia la sebuleni. Nililisukuma ndani kwa goti. Nimekaa mbele ya kile kidirisha cha mashine saa nzima nasubiri moshi. Wapi! Zulia limetoka na maua mekundu. Tulikuwa tunaamini ni la kahawia. Watoto wamelishangaa, mke wangu kaniita mume wa maana. Nimepongezwa kwa kushindwa. Sielewi niseme asante au nilie.

Shemeji amepita jioni. Kalikanyaga zulia bila viatu, akasema alijua tangu mwanzo kuwa mashine ni nzuri. Lo, mtu huyu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeisoma waranti yote kwa mara ya kwanza. Kurasa kumi na moja. Haihusu sehemu zinazozunguka. Haihusu sehemu zinazolowa. Haihusu mlango, mpira wa mlango, wala bomba. Nimeizunguka mashine mara mbili nikitafuta sehemu isiyozunguka wala kulowa. Nimeona kibandiko cha jina.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada aliyepokea kaniuliza mashine ina tatizo gani. Nikasema haina, na ndilo tatizo. Akauliza kama nataka kulalamika kwamba inafanya kazi. Nikasema nataka kujua nimenunua nini. Akasema nimenunua utulivu wa moyo. Nikamweleza sina. Akashauri nipige tena nikiwa nimeharibikiwa. Mimi au mashine? Simu ilikuwa imeshakatwa.

Ijumaa, 7 Machi
IMEKUFA! Asubuhi, katikati ya kufua! Maji yamejaa, mlango umejifunga, suruali zangu zote za kazini zimo ndani zinaelea. Nimeruka mpaka nikagonga kabati. Mke wangu kanikuta nacheza mbele ya mashine mbovu nikiwa nimevaa taulo. Nimemwambia heshima yangu imerudi. Akasema kwanza nitafute suruali.

Nimepiga simu. Dada yuleyule. Kanipongeza, nadhani. Fundi kesho saa nne. Nimemwalika shemeji aje ashuhudie. Nimemwambia aje na uso wake wote.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi kaja kwa wakati. Shemeji kaja mapema zaidi, kajichagulia kiti kizuri. Fundi hakutoa hata bisibisi. Kafungua kifuniko kidogo chini, kakinga maji kwa beseni, kavuta chujio. Kikatoka kifundo chekundu cha nyuzi za zulia, kikubwa kama kuku. Akakirudisha kifuniko, akabonyeza. Mashine ikaendelea ilipoishia. Dakika nne, kwa mujibu wa shemeji, aliyekuwa akihesabu.

Kisha fundi akaandika: hakuna hitilafu, mteja amefua zulia. Akaeleza kwa upole kwamba kufua zulia kunafuta waranti. Imefutwa saa nne na robo. Ilikuwa imebakiza chini ya saa mbili!

Hapo nikajikaza kisabuni. Nikasema waranti iliyofutwa haijaisha, kwa hiyo haikuisha bila kutumika, kwa hiyo nimeshinda. Fundi akakubali kwamba sikukosea kabisa, ila akakataa kusema nimepatia. Shemeji akacheka mpaka akaomba maji. Mke wangu hakucheka. Alinitazama tu kwa huruma, akasema kesho nivae viatu vya kubebea. Imeniuma. Kweli imeniuma.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kachagua friji. Ndefu, ya rangi ya fedha, nzito kupita maelezo. Nimebeba upande wa chini. Muuzaji kataja waranti ya nyongeza, shemeji akamkatiza: hapana, asante. Mke wangu akaitikia. Mimi sikuulizwa.

Lakini njia nzima nilikuwa nawaza, na nimeligundua kosa langu. Waranti haikuwa na tatizo lolote. Miaka mitatu ndiyo ilikuwa michache! Kitu kizuri kinataka muda wa kuharibika. Nikasema nimesahau kofia dukani, nikarudi mbio.

Muuzaji, mtu muungwana sana, kanihakikishia friji hii haiwezi kusumbua kabla ya miaka kumi. Nimechukua waranti ya miaka saba, ndefu kuliko zote walizonazo. Shemeji hajui. Nina miaka saba ya kumsubiri.