Siri ya Kimondo ni Wepesi

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimeshinda ubishi nyumbani. Yaani karibu nishinde. Mke wangu ameanza tena habari ya banda la gari. Eti amechoka kushona majoho ya kwaya sebuleni, vitambaa juu ya kochi, pini ndani ya zulia. Eti banda lina mwanga mzuri na mlango mpana, na humo ndani limelala gari ambalo halijaenda popote tangu nilinunue. Nikamjibu kwamba Kimondo si gari la kwenda popote. Ni gari la spoti! Lina milango miwili, na injini yake hunguruma hata ikiwa imezimwa. Hapo nilitia chumvi kidogo.

Bahati mbaya shemeji alikuwepo. Huyu ni kaka wa mke wangu, mwalimu wa udereva, mtu wa kuwasha indiketa hata akiingia kwenye ua wa nyumba yake mwenyewe. Mimi humwita Mwalimu Taratibu, lakini kimoyomoyo. Akasema Jumamosi uwanja wa mbio za magari utafunguliwa kwa watu wa kawaida. Kila mtu na gari lake, anazunguka, anapimwa muda. Yeye atakwenda na gari la shule ya udereva. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Gari la shule! Lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa!

Basi tukapatana mbele ya mke wangu. Nikimshinda shemeji Jumamosi, banda ni langu, na habari ya kushonea humo isisikike tena. Akinishinda yeye, Kimondo atalala nje na cherehani itahamia bandani. Mke wangu amekubali haraka mno. Maskini, hajui mbio.

Jumatatu, 4 Agosti

Kutwa nimewaza nyuma ya kaunta ya duka la vigae. Mteja ameomba vigae vya bafuni, nimempa vya jikoni. Akili kubwa haiwezi kuwa sehemu mbili. Lakini jibu nimelipata: siri ya mbio ni wepesi. Watu huhangaika kuongeza nguvu za injini. Wajinga! Kila kisichosukuma gari mbele ni mzigo, na mzigo hushushwa.

Jioni nimehamisha mizani ya bafuni kwenda bandani. Kapeti, nje. Spea tairi, nje. Jeki nayo nje, maana bila spea tairi jeki ni ya kazi gani? Redio, nje. Taa ya ndani, nje. Mbio ni za mchana. Kila kitu nimekikumbatia juu ya mizani, kisha nikatoa uzito wangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipouona uzito wangu. Mizani ile ni mbovu.

Mke wangu amechungulia akauliza kama tumeibiwa. Nimemwambia huu ni uhandisi. Akasema kama shida ni uzito, tumbo langu peke yake linazishinda kapeti zote na spea tairi juu yake. Nimejitia hamnazo.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi sijala. Uhandisi unaanzia kwa dereva. Kufika saa nne nilikuwa nimemaliza chakula cha mchana cha mwenzangu wa kaunta, kwa bahati mbaya.

Jioni ilikuwa zamu ya ekzosi. Lile pipa la nyuma, la kupunguza kelele, ni zito ajabu, na kazi yake yote ni kupunguza. Sitaki kitu cha kupunguza kwenye gari langu! Nimelala chali chini ya Kimondo, kutu inaniingia machoni, nikalikata. Nikawasha. Mama yangu! Ule mlio ulinipanda mgongoni mpaka kisogoni. Kioo cha dirisha la jikoni kikatetemeka, kikombe kikadondoka kabatini. Nimeruka kwa furaha nikagonga kichwa kwenye paa la gari.

Dakika hiyo hiyo akaingia jirani yetu, muuguzi wa zamu za usiku, ambaye hulala jioni kabla ya kwenda kazini. Mto mkononi, nywele zote zimelalia upande mmoja. Hakufoka. Ameniuliza kwa upole mkubwa kama kuna mahali popote mwilini ninapoumwa, na kama ningependa niumwe. Nimemuelewa dada yule. Nikaziba bomba kwa blanketi kuukuu na kuwasha tena, nione kama kelele imepungua. Blanketi likashika moto. Mke wangu amekuja na ndoo ya maji ya kufulia, akalizima, akarudi kwenye cherehani yake akaendelea kushona. Afadhali angenitukana.

Pipa nimelirudisha kwa waya.

Jumatano, 6 Agosti

Shemeji amekuja kunipeleleza. Amejifanya anamletea dada yake nyuzi. Kachungulia ndani ya Kimondo muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kupanga chumba. Nikamuuliza kwa ujanja yeye amelifanyia nini gari lake. Akasema ametia tairi upepo na kuliosha. Ameliosha! Nimeuma midomo nisicheke.

Kisha akaanza kunieleza utaratibu wa pale uwanjani kwa wanaokuja mara ya kwanza. Nikamkatiza. Nimemwambia mbio za magari nimeziangalia kwenye televisheni tangu sina ndevu, basi hiyo mara ya kwanza anayoisema ni ya watu wengine. Akasema sawa, shemeji, mimi nilitaka kukusaidia tu. Kukusaidia! Mtu anayetaka kunifukuza bandani mwangu! Aliondoka na indiketa ikiwaka mpaka mwisho wa mtaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Wazo la maisha yangu. Limenijia bafuni, mswaki mdomoni, nusura nimeze dawa ya meno. Kiti cha abiria! Abiria ni nani? Hayupo. Anakaa wapi mtu asiyekuwepo? Hakai!

Bolti nne zilizoshikwa na kutu, ngozi ya vidole viwili imebaki huko, lakini kimetoka. Kizito! Na hapa ndipo nilipojipongeza kwelikweli. Badala ya kukitupa, nimekifunga juu ya kreti mbili za soda na kumpelekea mke wangu sebuleni, akalie anaposhona. Miezi yote hii analalamikia mgongo. Akakaa. Akaegemea. Akavuta kile kishikio cha pembeni, kiti kikalala nyuma, naye akafumba macho. Akaniita mume wangu, na halikufuatia swali lolote. Nampenda mwanamke huyu, nasema kweli. Itaniuma kidogo Jumamosi nikimnyima banda.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetoka na Kimondo mtaani kumjaribu. Mwepesi kama karatasi! Ila ameinamia upande wangu. Nikikata kona ya kulia mambo ni mazuri, nikikata ya kushoto roho inaruka. Ni kwa sababu upande wa pili hakuna kitu, na upande huu nipo mimi. Mke wangu, bila kuulizwa, akasema si alishaniambia.

Suluhisho limepatikana dukani. Maboksi mawili ya vigae vya bafuni, pale pale kilipokuwa kiti. Nimeyafunga kwa ule mpira mpana wanaotia kwenye viuno vya sketi, nimeuchukua kwenye kikapu cha mke wangu. Gari limenyooka! Nimeyapima maboksi: yanazidi kiti. Si kitu. Kiti kilikuwa uzito wa uzembe, vigae ni uzito wa mpango.

Usingizi hauji. Kesho shemeji atakula vumbi langu.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike yote, maana nisipoandika mimi atasimulia yeye.

Tumefika mapema, mimi na shemeji, kila mtu na gari lake. Lami nyeusi safi, mistari myeupe, harufu ya petroli na mpira. Machozi yalinilenga. Langoni kulikuwa na mkaguzi, mwanamke mwenye kofia ya njano na filimbi shingoni. Gari la shemeji alilizunguka mara moja, akapiga bati lake kwa kiganja, akalipitisha. Kwa Kimondo akafungua mlango, akasimama. Akaushika ule mpira wa sketi kwa vidole viwili, akauvuta, akauachia. Boksi la juu likaruka likamwaga vigae. Waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu wakashuka kwenye magari yao kuja kuangalia.

Akauliza hii ni mara yangu ya kwanza? Nikasema kimwili, ndiyo. Akauliza mwalimu atakaa wapi. Nikauliza mwalimu gani. Eti hapo uwanjani anayekuja mara ya kwanza lazima azunguke na mwalimu pembeni yake, kwenye kiti, amefunga mkanda. Hakuna kiti, hakuna kuingia. Nikamshauri mwalimu akalie vigae. Amenitazama mpaka nikaanza kuokota vigae mwenyewe.

Nikampigia simu mke wangu. Nikamwomba atafute gari la kukodi aniletee kile kiti, haraka, maisha yangu yote yako hapo. Akasema haiwezekani, amekikalia. Nikamwambia ainuke. Akasema yuko kwenye joho la mwisho la kwaya, kesho wanavaa, na mgongo wake umepona, anamshukuru sana mume wake. Akakata simu kwa heshima zote.

Hapo ndipo shemeji aliponisogelea. Kumbe yeye ni mmoja wa walimu wa pale! Kila mara huja kukaa pembeni ya wageni. Akasema mapatano ni mapatano, nisikose mbio kabisa. Niendeshe gari lake la shule, yeye akae pembeni, na muda wangu utahesabiwa sawasawa na wake. Nikawaza haraka. Gari lile lile, dereva bora. Nikimshinda ndani ya gari lake mwenyewe, si ndiyo tamu zaidi? Nikakubali. Nikaomba jambo moja tu, kibao kitolewe juu ya paa. Akasema haiwezekani, mwanafunzi akiendesha kibao hukaa.

Yeye alizunguka kwanza, peke yake, kwa utulivu wake ule wa kuudhi. Kisha zamu yangu ikafika. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Kona ya kwanza nikaingia nayo kifua mbele, na gari likasimama kama limekumbuka kitu. Nilikuwa nimesahau. Gari la shule ya udereva lina breki mbili! Ya kwangu, na ya mwalimu.

Kila nilipokanyaga mafuta, yeye alikanyaga breki. Nikapiga kelele kwamba anaiba. Akasema haibi, anafundisha, na kule nilikokuwa naelekea kulikuwa na ukuta. Akaniambia nitazame vioo. Nikatazama vioo. Akaniambia indiketa. Kwenye uwanja wa mbio, jamani! Nikawasha indiketa. Watu wamesimama ukingoni na simu zao juu, wanatupiga picha, mimi na kofia yangu ngumu na kibao cha MWANAFUNZI.

Ubaoni muda wangu ulikuwa wa mwisho, chini ya bwana mmoja aliyesimama katikati ya mzunguko kubadilisha tairi. Shemeji alinipa mkono, akasema matumizi yangu ya vioo si mabaya. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini si hilo lililoniuma zaidi. Nilipomrudia Kimondo pale maegeshoni, na maboksi yake chini pembeni, ndipo niliposhika tama. Wiki nzima nimemtolea jasho na ngozi ya vidole, naye hakuigusa ile lami hata kwa tairi moja. Na sasa hana pa kulala. Nimerudi naye nyumbani polepole. Shemeji alikuwa nyuma yangu, taa zake zote zikiwaka.

Jumapili, 10 Agosti

Cherehani imehama. Shemeji ameshika upande mmoja na mimi upande mwingine, na njia nzima amekuwa akinielekeza namna ya kugeuka. Meza ya kukatia, mafurushi ya vitambaa, pasi, kiti changu, vyote vimeingia bandani. Mke wangu amefungua ule mlango mpana, jua limejaa mpaka ndani, akasimama katikati akizungukazunguka na kuimba. Sijamwona hivyo siku nyingi. Lazima nikiri kwamba amependeza humo.

Kimondo yuko nje, ubavuni mwa nyumba. Ndege wawili tayari wamemfanyia walichomfanyia.

Nimenuna mpaka kama saa nne. Kisha nikaenda kukaa sebuleni peke yangu, na hapo nikashangaa. Kimya! Hakuna vitambaa, hakuna pini, hakuna meza. Sikujua kwamba sebule yetu ni kubwa hivi. Ni pana kuliko banda! Sakafu imenyooka. Kuna feni. Kuna soketi nne. Na mke wangu sasa atashinda bandani kila siku mpaka jioni.

Nimepima mlango wa barazani. Kimondo bila vioo vya pembeni anakosa kiganja kimoja tu kupita, na fremu ya mlango ni mbao. Mwezi ujao uwanja unafunguliwa tena, na safari hii najua nilipokosea: niliondoa kiti kimoja tu. Dereva mwepesi anaweza kukaa sakafuni.

Kochi nimeshalitoa nje. Fremu nimeanza kuikata upande wa kushoto. Mke wangu ameita kutoka bandani kuuliza hizo kelele ni za nini. Nimemwambia ashone tu kwa raha zake.