Bunduki za Fauzi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Bachir kapata filamu. Si filamu yoyote: filamu ya Brigada do Sal, mchezo wangu wa televisheni, ule wa askari wanne wanaosaidiana kupigana na kaa wa chuma! Kaletewa na shemeji yake anayepika kwenye kambi ya gesi kule Afungi. Kaletewa pia katuni zake, na fulana juu, kaivaa, kitambi kimetokeza palepale kwenye uso wa kapiteni. Banda lake la video limejaa. Kwenye banda langu la mchezo, mtaa uleule, kuna mimi, Fauzi na paka. Husuda si tabia yangu, lakini filamu ile ni takataka. Kapiteni ana mchumba! Kwenye mchezo hana hata jina.

Jumatano, 11 Juni
Nimetafakari. Bachir anaonyesha bila sauti, kama sisi sote hapa Mocímboa tangu watu waliporudi makwao baada ya vita. Chefe, mkuu wa mtaa, alishasema milio ya risasi ni marufuku kwenye mabanda, hata ya uongo. Ndiyo maana ninaye Fauzi, rafiki yangu tangu madrasa. Televisheni inanyamaza, yeye anatoa sauti zote kwa mdomo. Kaa wakitembea, anagonga meno. Bunduki kwake ni samaki anayetiwa kwenye mafuta ya moto: chwaaa! Watu hucheka mpaka pedi za kuchezea zinawaanguka mikononi. Hata mama yake, Bi Zubeida, anayeuza mihogo mlangoni kwangu, hucheka.
Lakini samaki hashindi filamu. Nataka sauti ya kweli. Nimeazima spika ya harusi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemweleza Fauzi baada ya swala. Kagoma! Kasema siku zile mama yake alilala porini na mjukuu mgongoni, na mpaka leo mlango ukibamizwa anachutama. Kasema, kaka Tuaibo, ukiiwasha spika hiyo, mimi na wewe basi. Nikamjibu kwamba anaogopa mashine isimnyang'anye kazi. Akavaa viatu, akaenda zake. Ukweli unauma.

Jumamosi, 14 Juni
Nimengoja Fauzi aende sokoni, nikawasha. Sauti safi ajabu! Kwa muda mfupi sikuwa na mwenzangu kwa furaha pwani hii yote. Kisha nikasikia vyungu vinavunjika. Nikatoka nje: mtaa mzima unakimbilia mikokoni, magodoro vichwani, Bachir mbele ya wote na fulana yake. (Hilo lilinifurahisha.) Bi Zubeida alibeba beseni la mihogo. Aliniona, akarudi, akanishika mkono, akasema mwanangu twende.
Nikamwambia ni mchezo tu, mama. Hakunisikia. Spika ilikuwa nzuri mno.

Jumapili, 15 Juni
Bi Zubeida kapatikana asubuhi kwenye matope ya mikoko, mguu umevimba, kakumbatia beseni. Fauzi kampitisha mbele ya banda langu, kambeba mgongoni. Chefe kafunga banda, kachukua spika, kanitukana Kireno mbele za watu. Natukanwa mimi, na Bachir aliyekanyaga mbuzi wa jirani anapewa pole! Dunia haina haki.
Mchana Fauzi kaja kuchukua jamvi lake. Nimemwambia mama atazoea. Kachukua jamvi.

Jumanne, 17 Juni
Nimekwenda kumjulia hali Bi Zubeida. Kanisamehe. Kasema alhamdulillahi, heri ilikuwa ya uongo. Machozi yalinilenga, sioni haya kuandika. Kisha nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikamwomba, maadamu yamekwisha, aninenee kwa chefe anirudishie spika ya watu. Akageukia ukutani. Fauzi akanifungulia mlango nitoke.
Sasa yuko kwa Bachir. Anaitolea sauti filamu nzima, kapiteni na mchumba wake. Vicheko navisikia kutoka hapa nilipokaa. Nina pedi nne na hakuna wa kushika hata moja. Inaniuma. Rafiki wa madrasa, kunitupa hivi hivi kwa jambo dogo!
Lakini wazo limenijia. Banda limefungwa, uani kwangu hakujafungwa. Nitaandika ukutani kwa herufi kubwa: NJOONI MUUONE MCHEZO ULIOKIMBIZA MTAA MZIMA! Bachir hana cha namna hiyo. Kinachotakiwa ni mtu mwenye mdomo mzuri, aupigie mbiu sokoni, na pale kwenye kukimbia aigize kidogo jinsi mama yake alivyorudi kunishika mkono. Nimemtumia Fauzi ujumbe.
Kausoma. Hajajibu. Furaha, bila shaka, imemzidi.