Madai ya Mkwe Aliyenyimwa Ugali, kwa Mzee Mulongo wa Soy

Munyaka, Eldoret.

Mheshimiwa Mzee Mulongo, Baba Mkwe,

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili mtu aliyenipa mke, na natumaini mahindi yenu huko Soy yamekauka vizuri na mvua haijawachokoza tena. Sisi huku tupo. Sijaandika kwamba tu wazima, na nimeacha kwa makusudi, kwa sababu sijui kama mtu ambaye hajapikiwa ugali tangu wakati wa palizi hadi sasa watu wanavuna anaweza kuhesabiwa kati ya wazima.

Mzee, sikuandikii kwa hasira. Hasira ilinitoka siku moja na nguvu. Nakuandikia kwa sababu kwetu mke akiacha kumpikia mume ugali, hiyo si kesi ya mchungaji wala ya chifu. Ni kesi ya wakwe. Watu wa upande wa mke huitwa, wakakalishwa kwenye viti vizuri, wakaulizwa taratibu kama wao ndio waliomfundisha hivyo. Basi binti yako Edinah ameacha. Sufuria ya ugali ameifunika juu ya kabati, na mwiko siku hizi anautumia kufukuzia kuku.

Kabla hujashtuka, nieleze chanzo. Unajua nina sukari. Unajua pia habari ya kidonda kilichonitoka mguuni, chini ya kidole kikubwa, kikakataa kupona. Kaka yangu Wakoli alianza na kidonda kama hicho, akaendelea na ugali wake mchana na jioni, akakatwa mguu, na wewe mwenyewe ulikuja kutusaidia kumzika. Daktari wa kliniki alinitazama mguu, akautazama tena. Kisha akasema tujaribu chakula kinachoitwa keto: nyama, mayai, mafuta, avokado na mboga za majani, na wanga wote uondoke mezani. Mwili ukikosa wanga huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, sukari ikashuka, na mguu ukapata nafasi ya kupona. Akanipunguzia dawa, akatukabidhi kwa nesi Jepkosgei ili atufuatilie. Mimi niliitikia kwa kichwa, jinsi mtu anavyoitikia mahubiri. Edinah alisikiliza. Hapo ndipo shida zangu zilipoanzia, nami nazitaja moja baada ya nyingine.

1. Kuhusu mahali penyewe. Ningekuwa naishi kwa watu wanaokula wali, ningevumilia. Lakini mimi ni karani wa ghala la mahindi la Hassan. Kutoka asubuhi napokea magunia, natia mkono ndani kupima unyevu, nauma punje moja kuona kama imekauka, kisha naitema kwa sababu nimeapishwa. Nikirudi nyumbani, Edinah hunisubiri mlangoni na kitambaa, akanipangusa vumbi la mahindi usoni kabla sijaingia, kana kwamba nitajilamba. Wazo hilo limenijia mara moja tu, na silo sababu ya kumdhalilisha mume mbele ya majirani.

2. Kuhusu homa. Siku za mwanzo kichwa kiligonga, mwili ukawa mzito kama gunia lililonyeshewa. Nilijua nakufa. Niliagiza niitiwe mchungaji, nikaletewa supu ya mifupa iliyotiwa chumvi. Nesi Jepkosgei alikuwa amemwambia Edinah kwamba mwili ukizoea lishe hii hulalamika kidogo, na kwamba dawa yake ni maji, chumvi na subira. Chumvi nilipewa. Maji nilipewa. Subira nilitakiwa nijitafutie mwenyewe.

3. Kuhusu ulaghai wa koliflawa. Jioni moja, labda kwa huruma, Edinah aliniwekea mezani kitu cheupe, cha duara, kinachofuka moshi, na kando yake mrenda, mboga ile inayoteleza, na kuku wa kienyeji. Mzee, nilitokwa na machozi. Nilinawa mikono hadi kwenye viwiko. Nikamega tonge, nikalifinyanga, likaniponyoka katikati ya vidole. Ilikuwa ni koliflawa iliyochemshwa na kupondwa! Mimi mtu anaweza kunidanganya kwenye siasa na kwenye mashamba, lakini kwenye tonge hapana. Na mrenda je? Mrenda bila ugali unaushika na nini, jamani? Mzee, nilikula mrenda kwa kijiko. Nakuomba habari hiyo ibaki kati yetu wanaume.

4. Kuhusu jina langu kanisani. Mafuta yakianza kuungua mwilini, pumzi hutoa harufu kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mimi sikujua. Nilisimama karibu na mzee wa kanisa tukigawa vitabu vya nyimbo, akanikazia macho, na Jumapili iliyofuata tuliwaombea wote waliofungwa na pombe ya busaa. Kanisa zima lilifumba macho isipokuwa wale waliokuwa wakinitazama. Hata Hassan, ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe, aliniita nyuma ya magunia akanishauri kwa upole nimkumbuke Mungu na familia. Nilipomweleza kisa chenyewe alifurahi sana. Akasema kwao Wajir wazee wameishi kwa nyama na maziwa tangu zamani na hakuna aliyewahi kuandika barua. Sasa kila Ijumaa humtumia Edinah mafuta ya mbuzi, na wawili hao wamekuwa kitu kimoja dhidi yangu.

5. Kuhusu vijiti. Hapa, Mzee, naomba radhi kabla sijasema, maana kuna mambo ambayo mkwe hapaswi kumtajia baba mkwe. Nitasema "maji" na wewe utaelewa ni maji gani. Kliniki ilitupa kichupa cha vijiti vya karatasi. Kila asubuhi nalazimika kuchovya kijiti kwenye maji yangu. Kikibaki rangi ya mchanga, nimekula wanga. Kikiwa pinki, najitahidi. Kikiwa zambarau, mwili unachoma mafuta na mimi ni mume mwema. Edinah hukipokea, akakisogeza dirishani, akakilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kichupa, na hapo ndipo najua kama chai nitanywa kwa amani. Siku moja tu niliponyoka. Nilipita kwa mama mmoja anayepikia wapagazi karibu na ghala, nikala ugali mdogo, wa kuuaga tu. Asubuhi kijiti kilibaki na rangi yake ya mchanga. Nilieleza kwamba huenda kimeharibika, kwamba vitu vya siku hizi havidumu. Edinah hakunitukana. Aliutazama mguu wangu, akatoka nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka. Heri angenitukana, Mzee.

6. Kuhusu haki, na hili ndilo linalonichoma. Nina hakika binti yako anakula ugali kwa siri. Hana ugonjwa wowote. Nesi alimpima siku ile ile ya kliniki akakuta sukari yake iko sawa kabisa. Kila Alhamisi huenda kwa jirani yetu Naomi kwenye chama cha akina mama, na kwa Naomi hupikwa ugali ambao harufu yake huvuka ua na kunikuta nimeketi na yai langu. Akirudi huwa anaimba. Mtu mwenye njaa haimbi. Juzi pia nimemkuta kwenye cherehani akipunguza magauni yake kiunoni, moja baada ya jingine. Nikajiuliza, mwanamke aliyeolewa miaka yote hii anajipamba kwa furaha gani, kama si furaha ya tumbo lililoshiba? Kwa hiyo leo nimemwamuru, kwa sauti ya hakimu, achovye kijiti naye. Matokeo nitayaandika chini ya barua hii ili uyaone kwa macho yako.

Sasa ombi langu, ambalo nimelifikiria kwa utulivu ghalani.

Mzee, siku nitakayokufa unajua kitakachotokea. Wanawake wenye mikono ya nguvu watapanga mawe, watabandika sufuria kubwa ambazo mtu anaweza kuogea ndani, watasonga ugali wamesimama, na fahali atachinjwa. Watu watakuja kutoka Soy, kutoka Chepkoilel, kutoka kwetu kote, watakula kwa jina langu hadi walegeze mikanda. Hakuna atakayepimwa maji. Katika umati huo wote, mtu mmoja tu hatapata hata tonge, na mtu huyo ndiye mwenye matanga. Je, huo ni uungwana?

Kwa hiyo naomba matanga yangu yafanywe mapema, nikiwa bado na meno. Uje na wazee wenzako, mje na unga na masufuria, mlie kidogo kwa ajili ya desturi, msome wasifu wangu nikiwa nimekaa mbele nikiurekebisha, kisha tule. Edinah hawezi kukataza ugali kwenye matanga. Hakuna mke aliyewahi kufanya hivyo, na akijaribu ukoo wote utamshangaa. Baada ya hapo nitarudi kwenye avokado zangu bila kinyongo, na siku nitakayokufa kweli mtakuwa mmeshamaliza kazi. Kama hilo haliwezekani, basi mkae kesi na binti yenu mumkumbushe kazi ya mwiko.

Ni kweli kwamba kidonda kimeanza kufunga pembeni, na nesi Jepkosgei ameonekana akitabasamu. Lakini hilo si suala la barua hii.

Nisalimie Mama kwa mbali, inavyostahili kati ya mkwe na mama mkwe, na usimsomee sehemu ya vijiti. Wasalimie mashemeji zangu wote, pamoja na yule anayedai nilimpokea vibaya. Alipokelewa kwa mayai kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Salamu kwa majirani, kwa kwaya ya kanisa lenu, na kwa ng'ombe wangu wa mahari aliyekuja huko kwa heshima zote na sasa anakula mabua ya mahindi huku mwenyewe ananyimwa unga wake.

Ni mimi mkwe wako mtiifu, mwenye njaa na mwenye kuonewa,

Shitanda.

Nyongeza: Mzee, Edinah amerudi na kijiti. Kimekuwa zambarau iliyokolea kuliko yangu yoyote tangu tuanze. Nimekigeuza pande zote. Nimekipeleka dirishani mwenyewe. Nimemuuliza ni tangu lini, naye amenijibu huku akiosha vikombe kwamba ni tangu siku ile ya kliniki. Kwamba kwa Naomi huwa anaomba mboga peke yake. Kwamba ugali haumpiti kooni akijua mimi nimekaa nyumbani bila. Mtu asiyeumwa chochote! Na wewe unajua kuliko yeyote jinsi anavyoupenda, maana ni wewe uliyemlea. Nimeona aibu, Mzee, nimetoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Matanga yaahirishwe. Madai yote sita nayaondoa. Barua nakutumia hivyo hivyo bila kuichana, ili ujue binti yako anaishi na mtu wa namna gani. Lakini msikae huko. Nimemwomba asonge ugali wake ale, hata hapa mbele yangu, nami nitatazama ukutani, na amekataa katakata. Nimembembeleza, amekataa. Hiyo sasa ni kesi ya kweli, na mimi peke yangu siiwezi. Njooni haraka mnisaidie, na mje na unga.